Fidia ya Utumwa Katika Ukanda wa Songwe

Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kuna ukanda wa nchi ya juu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 300. Leo katikati yake kuna mji wa Tunduma, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni yakisubiri kuvuka kuingia Nakonde. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ukanda huohuo ulikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watu. Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali wa Ileje, Wawanda wa Kamsamba na Wabungu wa kando ya Ziwa Rukwa waliishi na biashara hiyo kwa zaidi ya kizazi kimoja. Kwa nyakati tofauti walikuwa mateka, wauzaji, wanunuzi, na wenyeji wa watoro.

Wazao wa watu waliouzwa walipwe fidia au la, na wakilipwa alipe nani, ni jambo ambalo serikali kadhaa duniani zimelichunguza kwa tume rasmi. Tanzania haijaunda tume ya namna hiyo. Hata hivyo ukanda wa Songwe una kumbukumbu za kutosha kuonyesha tume kama hiyo ingekutana na nini, na baadhi ya majibu yake hayafanani kabisa na yale yaliyopatikana Marekani au visiwani Karibi.

Biashara yenyewe ilichelewa kufika huku. Njia ya Kilwa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Nyasa katika karne ya 18, na ile ya Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilishamiri kuanzia miaka ya 1830. Wenyeji wa ukanda walikuwa tayari wameonja vita vya Wangoni wa Zwangendaba, waliopita na kutua Ufipa katika miaka ya 1840. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi iliongezeka hasa baada ya 1860, ikifuata tembo waliokuwa wameadimika mashariki. Kusini mwa mpaka wa leo walikuwapo Wabemba, chini ya machifu wao Chitimukulu na Mwamba, wenye nguvu za kivita na mateka wa kuuza. Walitoa watu na pembe, wakapokea nguo, shanga, bunduki na baruti. Upande wa kaskazini-mashariki Merere wa Wasangu, aliyefukuzwa kwao na Wahehe, alijenga boma lake Utengule, karibu na Mbalizi ya leo, akawasumbua Wasafwa na Wanyiha waliomzunguka. Ukweli huu haupendezi kwa yeyote anayetaka orodha fupi ya wadaiwa, lakini hesabu ya haki haiwezi kuuruka.

Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la Zanzibar na kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, haukukata biashara ya bara. Ulichofanya ni kuigeuza njia. Mateka wengi, hasa wanawake na watoto, hawakufika pwani kamwe. Waliuzwa kutoka kijiji hadi kijiji, wakaolewa bila mahari, wakalimishwa mashamba ya wakubwa, wakatolewa kulipa faini au deni. Njaa ilipoingia, watu waliwekwa rehani kwa chakula, na rehani isiyokombolewa kwa wakati iligeuka utumwa. Kwa sababu hiyo mtumwa wa kawaida wa ukanda huu hakuwa mwanamume aliyefungwa kongwa akielekea Bagamoyo, ingawa picha hiyo ndiyo iliyokaa vitabuni. Alikuwa mwanamke aliyelala katika nyumba ya watu wasio wake, kilomita chache tu kutoka kwa ndugu zake.

Hili linajulikana kwa sababu baadhi yao walisimulia. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo Utengule mwaka 1895, na mwishoni mwa muongo huo wakaanza kazi Mbozi chini ya Traugott Bachmann. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari, aliandika masimulizi ya watu walioishi vituoni, miongoni mwao mwanamke mzee aliyeitwa Narwimba, mwingine aliyejulikana kwa majina matatu, Chisi-Ndjurisiye-Sichajunga, na Msatulwa wa ukoo wa Mwachitete, aliyetekwa utotoni na baadaye akarudi kwao. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1993, pamoja na ya Meli, mtoto wa Kibisa aliyetekwa na Wabemba, akakombolewa njiani na kulelewa katika misheni ya Kawimbe, upande wa Zambia wa leo. Ukiyasoma kwa pamoja, jambo moja hujitokeza kila mara: mwanamke aliyepoteza ndugu alitafuta mume au mlinzi haraka iwezekanavyo, maana bila mtu wa kumtetea angeweza kuuzwa tena siku yoyote. Watoto waliozaliwa katika ndoa hizo walihesabiwa katika ukoo wa baba. Hapo ndipo nasaba ya utumwa ilipofutika, na hapo ndipo tume yoyote ya fidia itakapokwama kwanza.

Wazungu waliingia katika ukanda kwa bendera ya kupinga utumwa, na bendera hiyo ilichora mpaka. Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha za kujenga barabara kutoka Karonga, kando ya Ziwa Nyasa, hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Hoja yake ilikuwa kwamba bidhaa halali zikipita kwa wepesi, biashara ya watu itakufa yenyewe. Barabara haikukamilika ipasavyo, ila jina lilidumu. Karonga nako Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejenga ngome na kujitangaza mtawala wa Wangonde, aliwashambulia wenyeji mwaka 1887, na vita kati yake na kampuni ya Kiskoti ya African Lakes vikaendelea hadi 1889. Katika vita hivyo alijeruhiwa Frederick Lugard, ambaye baadaye alipata umaarufu Uganda na Nigeria. Mlozi alinyongwa kwa amri ya Harry Johnston Desemba 1895.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulipitisha mpaka kaskazini mwa barabara ya Stevenson ili barabara yote ibaki upande wa Uingereza, na mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili wakauweka mpaka huo ardhini. Fife, kituo cha Waingereza katika barabara hiyo, kiko jirani kabisa na Tunduma. Wanyamwanga waligawanywa katikati. Mpaka uliotetewa kwa jina la kuzuia misafara ya watumwa ukawapa wasafirishaji mwanya wa miaka kadhaa, kwa sababu msafara uliofukuzwa na maofisa wa upande mmoja ungeweza kuvuka upande wa pili. Misafara ya mwisho iliyotoka Ubemba ilikamatwa katika miaka ya 1890, na watu waliokutwa humo waligawiwa kwa misheni au kwa machifu waliokuwa karibu, mara nyingi bila kuulizwa kwao ni wapi.

Upande wa Ujerumani hamasa ilikuwa kubwa zaidi ya utekelezaji. Kamati ya kupinga utumwa iliendesha bahati nasibu mwaka 1891, na sehemu ya fedha zilizopatikana ikagharimia meli ya Hermann von Wissmann, iliyoshushwa majini Ziwa Nyasa mwaka 1893. Mwaka huohuo kituo cha Langenburg kilianzishwa kando ya ziwa, kisha makao ya wilaya yakahamia Tukuyu, na kutoka huko ndiko nchi ya Mbozi na Ileje ilikotawaliwa. Mjerumani wa kawaida aliyenunua tiketi ya bahati nasibu huenda aliamini kwamba analipia mwisho wa utumwa. Hakuwa analipia mwisho wa utumwa. Serikali yake haikuwahi kuufuta katika Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Badala ya kuufuta, iliuwekea kanuni. Amri ya Kansela ya mwaka 1901 ilikataza utumwa mpya unaotokana na mtu kujiuza, kuuzwa na ndugu, au kushindwa kulipa deni. Ilimpa mtumwa siku mbili kwa wiki za kujifanyia kazi mwenyewe, ikataka asiuzwe kwa mtu mwingine bila ridhaa yake na bila ofisi ya serikali kujua, ikamwajibisha bwana kumtunza akizeeka au akiugua. Muhimu kuliko yote, ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa kulipa kiasi kilichopangwa na ofisi ya wilaya. Amri nyingine ya Desemba 1904 ilitangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia mwaka 1906 atakuwa huru. Aliyejikomboa alipewa hati ya uhuru. Kati ya miaka ya 1890 na Vita Kuu ya Kwanza zilitolewa hati zaidi ya 50,000, na bado vita vilipoanza mwaka 1914 watumwa waliobaki walikadiriwa kuwa zaidi ya 150,000. Bunge la Ujerumani lilikuwa limeazimia utumwa ukome ifikapo 1920. Kufikia mwaka huo Ujerumani haikuwa na koloni tena.

Mfumo huu wa kujikomboa unastahili kutazamwa kwa makini, maana ndio kiini cha hesabu. Fedha za ukombozi zilitoka kwa mtumwa mwenyewe, au kwa ndugu yake, au kwa mwajiri mpya ambaye baadaye alizikata katika mshahara, au kwa mwanamume aliyetaka kumwoa mwanamke aliyekuwa mtumwa. Zilikwenda kwa bwana. Ofisi ya wilaya iliandika jina, kiasi na tarehe, ikapiga muhuri. Kwa lugha ya uhasibu, aliyedhulumiwa alimlipa fidia aliyemdhulumu, na serikali ya kikoloni ikawa karani wa malipo hayo. Waingereza walipochukua Tanganyika, sheria ya mwaka 1922 iliufuta utumwa moja kwa moja, bila malipo kwa bwana na bila malipo kwa mtumwa. Waliotangulia kujikomboa kwa fedha zao hawakurudishiwa kitu.

Zanzibar ilifuata njia nyingine, lakini fedha zilielekea kulekule. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa kwa masharti: mtumwa alipaswa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, na mwenye mtumwa alilipwa na serikali. Aliyepewa uhuru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria hawakuingia katika amri hiyo. Walisubiri hadi sheria ya mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilipata sheria kama hiyo mwaka 1907, nayo pia ikiwa na malipo kwa mabwana.

Waingereza walikuwa na mfano wao wenyewe wa kuiga. Sheria ya mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa katika makoloni ya Uingereza, na deni lililotokana na mikopo ya aina hiyo lilimalizwa kulipwa na walipa kodi mwaka 2015. Marekani ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru katika mji wa Washington mwaka 1862, fedha zikienda kwa mabwana. Haiti, iliyojikomboa kwa vita, ililazimishwa na Ufaransa mwaka 1825 kukubali deni la faranga milioni 150. Wanaosema kwamba fidia ya utumwa ni wazo jipya lisilowezekana kiutawala wanasahau kwamba ilikwisha kulipwa mara nyingi, kwa orodha, kwa viwango na kwa risiti. Kilichokuwa kipya katika karne ya 20 ni pendekezo la kubadilisha mpokeaji.

Pendekezo hilo lilipata sura ya kiserikali Marekani mwaka 1989, John Conyers alipowasilisha bungeni muswada wa kuunda tume ya kuchunguza fidia, unaojulikana kama H.R. 40. Namba hiyo inakumbusha ahadi ya ekari 40 iliyotolewa kwa walioachwa huru mwaka 1865 na kufutwa mwaka huohuo. Muswada umewasilishwa tena na tena bila kupitishwa. Jimbo la California likatangulia: sheria ya mwaka 2020 iliunda kikosi cha watu tisa, nacho kikatoa ripoti ya mwisho Juni 2023, yenye kurasa zaidi ya 1,000. Kura ngumu kuliko zote ilipigwa mwaka 2022, kuamua nani anastahili. Kwa kura 5 dhidi ya 4 wajumbe walichagua nasaba: wanaostahili ni wazao wa Waafrika waliokuwa Marekani kabla ya karne ya 19 kwisha. Weusi waliohamia baadaye, wakiwamo maelfu kutoka Afrika Mashariki, hawamo.

Kwa msomaji wa Tanzania, uchunguzi ulio karibu zaidi ulifanyika Mauritius. Kisiwa hicho kilipokea watumwa wengi kutoka Msumbiji, Madagaska na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice aliingia mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa wasiopungua 1,000 kila mwaka. Uingereza ilipoufuta utumwa kisiwani mwaka 1835, wenye mashamba waligawana zaidi ya pauni milioni 2. Mwaka 2008 bunge la Mauritius lilitunga sheria ya Tume ya Ukweli na Haki, ikiwa na kazi ya kuchunguza utumwa na ajira ya mikataba ya Wahindi kuanzia enzi za ukoloni hadi sasa. Alex Boraine, aliyekuwa makamu wa Desmond Tutu katika tume ya Afrika Kusini, ndiye aliyeiongoza hadi ripoti yake ya juzuu nne ilipotolewa Novemba 2011.

Tume ya Mauritius haikupendekeza kila mzao apewe kiasi fulani cha fedha. Ilipokea malalamiko mengi ya familia zilizopoteza ardhi kwa hila za hati na vipimo, ikaifanya ardhi kuwa sehemu kubwa ya ripoti. Ilitaka pia msamaha uombwe, elimu na makazi ya Wakreoli, yaani wazao wa watumwa, yaboreshwe, na makumbusho ya utumwa yajengwe. Makumbusho hayo sasa yapo Port Louis. Ubora wake ni kwamba ilianza na hali ya watu ilivyo leo, ikarudi nyuma kutafuta chanzo, na kwa hiyo haikuhitaji kila mlalamikaji kuthibitisha jina la babu aliyeshuka merikebuni. Udhaifu wake ni ule wa tume nyingi: utekelezaji uliachiwa serikali, nayo ilichagua yaliyo mepesi.

Afrika yenyewe ilikuwa imeanza mapema zaidi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda mwaka 1992 kundi la watu mashuhuri wa kushughulikia fidia, chini ya Moshood Abiola wa Nigeria, na mkutano wa Abuja wa mwaka 1993 ukatoa tamko. Mmoja wa wajumbe alikuwa Ali Mazrui wa Mombasa, mtu ambaye ukoo wake uliwahi kuitawala Mombasa na kumiliki watumwa pwani. Uwepo wake ulileta katika kundi hilo swali ambalo wengi wangependa lisiulizwe, yaani nafasi ya waungwana wa pwani na Waarabu wa Oman katika deni. Tamko lilielekeza macho Atlantiki na kwenye ukoloni wa Ulaya. Mkutano wa Accra wa Novemba 2023 na Umoja wa Afrika, uliofanya haki kwa njia ya fidia kuwa kaulimbiu yake ya mwaka 2025, vimeendeleza mwelekeo huo. Bahari ya Hindi imebaki pembeni, na bara la ndani zaidi ya hapo.

Hata kumbukumbu za kitaifa zimeelemea njia moja. Tanzania iliingiza njia ya kati ya pembe na watumwa katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ukanda wa Songwe haumo. Mgeni anayefika Mbozi huonyeshwa kimondo, na kwa haki kabisa. Hakuna kibao kinachomwelekeza kwenye njia za misafara.

Je, tume ingeanzia wapi Songwe? Kigezo cha California kingeshindwa mapema. Kuthibitisha nasaba kunahitaji daftari, na daftari za mashamba makubwa hazikuwapo, kwa kuwa mashamba ya aina hiyo hayakuwapo. Zaidi ya hapo, koo za ukanda huu hufuata baba, na utumwa ulipita zaidi kwa mama. Mzee wa Kinyiha anaweza kutaja mababu saba bila kukwama na bado asimtaje mwanamke mmoja aliyenunuliwa. Wapo wanaojua, bila shaka. Katika familia nyingi habari kwamba bibi fulani “aliletwa” hutajwa kwa sauti ya chini, na hujitokeza katika ugomvi wa urithi au wa uchifu, inapotumiwa kumnyima mtu haki. Kumtaka mtu ajiandikishe kuwa mzao wa mtumwa ili alipwe ni kumtaka awape mahasimu wake ushahidi dhidi ya watoto wake. Tume isiyolielewa hili itarudi na orodha fupi, kisha itahitimisha kwamba tatizo ni dogo.

Kigezo cha Mauritius kinafaa zaidi, lakini nacho kina kasoro yake hapa. Kule wazao wa watumwa ni jamii inayoonekana, yenye jina lake na mitaa yake. Songwe hawapo kama jamii. Wazao wa mateka na wazao wa waliowateka wanalima kahawa bega kwa bega, wameoana, na kwa watu wengi damu zote mbili zimo katika mwili mmoja. Fidia ya mtu mmoja mmoja inakosa mpokeaji anayeweza kutengwa na wenzake. Kinachobaki ni fidia ya eneo: shule, hospitali, ardhi, utafiti, hifadhi ya maeneo ya historia. Wakosoaji husema hiyo ni misaada ya maendeleo iliyobadilishwa jina, na hoja yao ina uzito. Ujerumani ilipokubaliana na Namibia mwaka 2021 kuhusu euro bilioni 1.1 kwa ajili ya mauaji ya Waherero na Wanama, iliepuka kwa makusudi kuziita fidia, na wazao wengi waliyakataa makubaliano hayo kwa sababu hiyohiyo.

Upande wa wadaiwa una ushahidi thabiti kuliko upande wa wadai. Wabemba na Wasangu wa karne ya 19 hawakuacha dola linaloweza kushtakiwa, na wazao wao ni maskini kama majirani zao. Wafanyabiashara wa Karonga walikufa au walifilisika. Usultani wa Zanzibar uliondolewa na Mapinduzi ya 1964, na ugawaji wa ekari tatu tatu uliofuata, ingawa haukuitwa hivyo, ni miongoni mwa matendo machache Afrika Mashariki yaliyohamisha mali kutoka kwa tabaka la mabwana kwenda kwa watu ambao wengi wao walitokana na watumwa na maskwota. Inabaki serikali ya Ujerumani, ambayo ipo, ina fedha, na iliweka kumbukumbu. Dai dhidi yake halihitaji kuthibitisha kwamba iliwateka watu. Linahitaji kuonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilitambua umiliki wa watu kisheria, ikasimamia malipo ya ukombozi na kuyaelekeza kwa mabwana. Kila hati ya uhuru iliyotolewa kwa malipo ni stakabadhi.

Serikali ya Tanzania imekwisha kuzungumza na Ujerumani kuhusu fidia, ila kwa jambo jingine. Februari 2017 Hussein Mwinyi, akiwa Waziri wa Ulinzi, aliliambia Bunge kwamba serikali ingefuatilia madai yanayotokana na vita vya Maji Maji. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na wazao wa Chifu Songea Mbano na kuomba radhi. Mazungumzo hayo yamejengwa juu ya mauaji ya 1905 hadi 1907 na mabaki ya watu yaliyopelekwa Ulaya. Utumwa uliokuwa halali chini ya utawala uleule, katika miaka ileile, haujawekwa mezani, labda kwa sababu mauaji yana mashujaa wa kuwataja, na utumwa wa majumbani hauna.

Kazi ya kwanza ya uchunguzi ingekuwa ya makabrasha. Nyaraka za Kijerumani zilizomo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Humo ndimo pa kuanzia kutafuta taarifa za wilaya kuhusu ukombozi. Taarifa za Wamoravian wa Mbozi na Utengule ziko Herrnhut, Ujerumani. Za misheni ya Kawimbe ziko London, katika mkusanyo wa London Missionary Society, na za maofisa wa Kiingereza wa barabara ya Stevenson zimegawanyika kati ya London na Lusaka. Mwanamke aliyetekwa Ubemba, akakamatwa karibu na Fife, akaolewa Unyamwanga na kuzikwa Mbozi anaweza kuwa ameandikwa katika hifadhi tatu za nchi tatu, kwa majina matatu. Tume ya Tanzania peke yake ingemwona kuanzia siku aliyovuka mpaka wa Tunduma. Kwa sehemu iliyotangulia, ingebidi Zambia iwe mshirika wa uchunguzi tangu mwanzo, na Malawi vilevile kwa wale walioletwa kutoka ng'ambo ya mto Songwe.